Kolone ya tatu: namna paje ya bei ilidanganya krezere, na namna ilitengenezwa

Kila mutu wa kariere anajua ile saa. Madini imesafishwa, ma saki imeshonwa, kamyo inangojea, na kila mutu anauliza swali moja: leo ni ngapi? Zamani jibu lilikuwa linatoka ku depo, mu kinywa ya mununuzi yeye mwenyewe. Siku hizi jibu linatoka mu telefone.

Hii habari ni ya baba moja wa Kolwezi, krezere tangu miaka mingi. Hakutaka jina lake litoke mu gazeti, basi tutamwita paka Papa. Hata koperative yake hatutaitaja, juu hakuna mutu aliiba kitu. Ni kosa ya kazi, na kosa ya namna ile inaweza kuingia mu paje yoyote ile munafungua kila siku: ya bei, ya shule, ya mushahara, ya hospitali.

Koperative ilikuwa na paje ndogo ku intaneti. Mulikuwa tablo moja yenye kolone tatu: madini, tenere, na bei ya leo kwa dolari. Chini ya tablo, kwa herufi kubwa, paje ilikuwa inaandika ile bei kwa franga, kusudi mutu asisumbuke na hesabu. Ile hesabu ilikuwa inafanywa na skripti, ni kusema maagizo mafupi ambayo telefone inafuata yenyewe wakati paje inafunguka.

Siku moja sekretere wa koperative akamwambia kijana anayetunza paje: «Ongeza kolone ya bei ya wiki ilipita, batu baone kama bei inapanda ao inashuka.» Wazo zuri. Kijana akaiongeza, akaiweka mbele ya bei ya leo, kwa utaratibu wa siku. Paje ikaonekana muzuri kuliko zamani. Hakuna mutu alistuka.

Wiki ile bei ilikuwa imepanda. Papa akafungua telefone, akaona namba kubwa ya franga pale chini, akapatana na negosia juu ya ile namba, akauza. Magaribi, binti yake wa humanité akachukua telefone, akaangalia tablo, akanyamaza kidogo, kisha akasema:

— Papa, hii franga haifanane na dolari ya leo. Ni ya wiki ilipita.

— Unasema nini, mama?

— Angalia. Ukipiga hesabu na dolari ya hapa, inaleta namba ingine. Ukipiga na ya hapa pembeni, inaleta hii. Benyewe banahesabu na bei ya zamani.

Alikuwa na haki. Katikati ya bei ya zamani na bei ya leo, kwa ma saki yote, Papa alipoteza karibu minervali ya mutoto moja kwa trimestre. Negosia akajibu paka hivi: «Tulipatana.» Na ilikuwa kweli, walipatana.

Skripti iliambiwa nini?

Nilienda kuona yule kijana. Hakujificha. Alifungua ordinatere yake na kunionyesha mustari moja tu:

document.querySelectorAll("td:nth-child(3)")

Kwa lugha yetu, ni kusema: «Enda mu tablo, shika kila kijumba cha tatu kuanzia kushoto.» Ni vile tu. Skripti haikuambiwa «shika bei ya leo». Iliambiwa «shika ya tatu». Wakati kolone mupya iliingia, ya tatu ikakuwa bei ya wiki ilipita. Skripti ikatii sawa vile ilitumwa.

— Mashini aiko mujinga, kijana alisema, na aiko na akili. Inashika paka kile ulisema. Mi nilisema pahali, sikusema jina.

Mutu wa mine anaelewa ile neno bila kusoma ordinatere. Ukituma mutoto ku depo, ukamwambia «leta saki ya tatu kutoka ku ukuta», na mwenye depo akasukuma ma saki kidogo, mutoto atakuletea saki ya mutu mwingine, tena atakuja anacheka juu anazani amefanya kazi muzuri. Lakini kama saki iko na etiketi, hata waipeleke upande wa mulango, mutoto ataipata. Kule Manono na mu Kivu, wale wanaochimba kasiterite na koltan wanajua etiketi ya plastiki yenye namba, ile inafungwa ku saki kusudi ijulikane imetoka wapi. Haisemi «saki ya juu» wala «saki ya pembeni». Namba inafuata saki popote inaenda.

Paje ya intaneti nayo iko na etiketi zake. Zinaitwa atributi. Na swali la hii habari yote ni hili: skripti itafute kitu kwa etiketi gani?

Matrikile na ekipe

Paje inaandikwa kwa lugha inayoitwa HTML. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyekuwa anatumika mu CERN kule Jeneva, alileta wazo la Web mu 1989, na paje za kwanza zikafunguliwa kwa watu wa inje mu 1991. HTML ni maandishi yenye alama: hapa kunaanza kichwa, hapa kunaanza tablo, hapa kuko kijumba cha tablo. Ndani ya kila alama unaweza kuandika atributi, ni kusema neno linaloeleza ile alama zaidi.

Skripti zilikuja nyuma. Brendan Eich alitengeneza lugha ya JavaScript mu kampuni ya Netscape mu 1995, na kazi ya kwanza ilichukua siku 10 tu. Tangu pale paje ikaanza kutembea yenyewe: kufungua, kufunga, kuhesabu. Na tangu pale swali likaingia: skripti itajuaje kitu gani ishike kati ya vitu mia moja mu paje?

HTML 4, ya mwaka 1997, ilitoa jibu ambalo linatumika hata leo. Ilisimamisha atributi mbili kwa karibu kila alama: id na class.

id ni sawa matrikile. Wazee wetu wa Gécamines wanajua: matrikile ni ya mutu moja, haiwezi kuwa ya watu wawili. Mu paje vilevile, id moja ni ya kitu kimoja tu. Ukiweka id moja ku vitu viwili, navigatere haitapiga kelele, lakini skripti ikiuliza ile id, itapewa kitu cha kwanza tu. Cha pili kitabaki kinangojea, sawa mufanyakazi mwenye matrikile ya mwenzake siku ya mushahara.

class ni sawa ekipe. Watu mingi wanaweza kuwa mu ekipe moja, na mutu moja anaweza kuwa mu ekipe ya wachimbaji na mu ekipe ya musaada ya hatari. Basi kama kuko bei ishirini za leo mu tablo, zote zinaweza kubeba class moja, na skripti itaziita zote mara moja.

Njo vile kijana alitengeneza. Tuseme bei ni 640, namba ya mufano tu. Kijumba sasa kimeandikwa hivi:

<td class="bei-ya-leo" data-dolari="640">640 $</td>

Na skripti inasema:

document.querySelectorAll(".bei-ya-leo")

Kolone iwe ya tatu, ya nne, ya mwisho, hakuna shida. Skripti inatafuta bei ya leo kwa jina lake.

Usiite mutu kwa rangi ya kaske

Kijana aliniambia kosa lingine alilokuwa nalo mu paje. Bei ikishuka, ilikuwa inaandikwa kwa rangi nyekundu, na class ilikuwa inaitwa «nyekundu». Skripti ingine ilikuwa inahesabu ngapi zimeshuka kwa kutafuta «nyekundu». Baadaye koperative ikabadilisha rangi ya paje yote. Bei zilizoshuka zikakuwa za bluu, lakini class ilibaki «nyekundu». Na matangazo ya hatari, ambayo yalikuwa mekundu pia, yakaanza kuhesabiwa kama bei zilizoshuka.

Ku kampuni mingi rangi ya kaske inaonyesha kazi ya mutu. Lakini kaske inaweza kubadilishwa, mutu anaweza kuazima ya mwenzake. Ukitaka mutu wa umeme, uliza mutu wa umeme, usiulize «yule wa kaske ya bluu». Basi class iitwe «bei-imeshuka», si «nyekundu». Jina liseme kile kitu kiko, na rangi ipangwe pahali pake, mu CSS, ile lugha ya mapambo iliyotoka mu 1996.

Kuko tena hatari ya upande wa pili: mupambaji wa paje anaona class, anazani ni ya rangi tu, anaifuta. Skripti inakufa palepale. Kwa sababu ile watengenezaji wengine wanaanzisha class za skripti na herufi js, sawa js-bei, kusudi kila mutu ajue: hii usiiguse, kuko mashini inaitegemea.

Jina la kubuni, na jina la ruhusa

Sasa mutu anaweza kuuliza: juu ya nini nisiandike atributi yangu mimi mwenyewe? Niweke bei="leo", skripti itaiona. Ni kweli, itaiona. Navigatere inavumilia. Lakini si halali mu HTML, na sababu iko.

Lugha ya HTML inakomaa, inaongeza majina. HTML5, ile ilipitishwa na W3C tarehe 28 Oktoba 2014, ilileta atributi mupya kama vile required, yenye kusema «hapa lazima ujaze». Fikiri mutu aliyekuwa amejibunia required mu formulere yake zamani, kwa hesabu zake. Siku navigatere ilijifunza lile neno, ile formulere ingeanza kukataa kutumwa, na yeye hajagusa kitu. Ni sawa kuchimba nje ya mipaka ya karata yako: leo hakuna mutu, kesho mwenye karata anafika.

Kwa sababu ile HTML5 ilitoa kiwanja cha bure: atributi yoyote inayoanza na data-. Hapo unaweza kuweka jina unalotaka, data-dolari, data-tenere, data-saki, na HTML haitakuja kulichukua kamwe. Ni kiwanja cha skripti za paje yenyewe.

Ile data-dolari inasaidia jambo lingine pia. Sisi tunaandika bei kwa desturi ya Kifaransa: 1 250,50. JavaScript haisome vile. Ukiipatia «1 250,50» iifanye namba, itasoma 1, itasimama pale pa nafasi, na haitasema kuna shida. Basi kwa macho ya watu andika 1 250,50, na mu data-dolari andika 1250.50. Kila mutu anapata chake.

Historia ya neno moja: rel

Mbele ya data- kuja, watu walikuwa wanatafuta njia. Mu HTML 4.01 Strict na XHTML 1.0 Strict, za 1999 na 2000, ilikatazwa kuandika target ku linki ili ifunguke mu dirisha mupya. Watengenezaji wakapata akili: wakaandika rel="external", na skripti ikazitafuta linki zile na kuzifungua inje. Hii ilikuwa muzuri, juu rel maana yake ni uhusiano: kati ya hii paje na ile. «Inje» ni uhusiano wa kweli. Kisha HTML5 ikarudisha ruhusa ya target, na external ikabaki ku liste ya maneno halali ya rel.

Lakini wengine wakavuta kamba zaidi. Programu ya kukuza picha ya Lokesh Dhakar, inayoitwa Lightbox, ilikuwa inaomba uandike rel="lightbox". «Sanduku la mwanga» si uhusiano kati ya paje mbili. Ni agizo kwa skripti. Wakati data- ilipatikana, hata ile programu ikahamia ku data-lightbox.

Somo ni hili: kwanza uliza kama HTML iko na neno lenye maana yako. Kama iko, tumia lile. Kama haiko, chukua class yenye jina la maana, ao data-. Usivalishe neno nguo isiyo yake.

Lugha yetu iko na kode

Mufano bora wa neno lenye maana tayari ni lang. Hii atributi inasema maandishi ni ya lugha gani. Kifaransa ni fr. Kiswahili ni sw. Na watu mingi hawajui kama Kiswahili cha Kongo kiko na kode yake mu liste ya mataifa: swc. Paje ya Kifaransa yenye sehemu ya Kiswahili, sawa hili gazeti letu, inaweza kuandika lang="fr" juu, na lang="swc" ku sehemu yetu. Pale skripti inaweza kupata Kiswahili chote kwa mustari moja:

document.querySelectorAll('[lang="swc"]')

na kutengeneza kitufe cha «onyesha Kiswahili tu», bila kuongeza etiketi ingine.

Na lang haitumikie skripti peke yake. Kuko wazee waliopoteza macho mu kazi, kwa mulipuko ao kwa vumbi. Telefone inaweza kuwasomea paje kwa sauti, na inatazama lang ili ijue kusoma kwa sauti ya lugha gani. Vilevile kitufe kiandikwe kwa alama ya button, si sanduku tupu lililopakwa rangi, juu ile mashini ya kusoma inatambua button na kusema «kitufe». Njo faida ya maneno ya maana: unaandika mara moja, na kila mutu anafaidika, skripti, kipofu, na yule atatunza paje kesho.

Kipimo, na kile kipimo hakioni

W3C iko na kipimo cha bure ku validator.w3.org. Unaweka anwani ya paje, kinakuonyesha makosa: id mara mbili, atributi isiyo ya ruhusa, alama haikufungwa. Kila kijana anayetengeneza paje akitumie.

Lakini lazima tuseme kweli. Ile paje ya koperative, siku ilidanganya Papa, ingepita ku kipimo bila kosa hata moja. Kolone ya tatu si kosa ya sarufi. Balanse inaweza kuwa ya haki kabisa, na ukapima saki isiyo yako. Kipimo kinaangalia kama lugha ni halali. Maana ni kazi ya mutu.

Basi kama koperative yenu, shule ao parokia inalipa mutu juu ya paje, mumuulize maswali matatu. La kwanza: skripti yako inatafuta vitu kwa jina ao kwa pahali? La pili: tukiongeza kolone, ao tukibadilisha rangi, ni nini itaharibika? Afanye mbele yenu, muone. La tatu: tarehe ya bei iko wapi? Iandikwe mu alama ya time, sawa <time datetime="2025-03-14">, kusudi watu waisome, na skripti iweze kuonya kama bei imezeeka.

Na wewe mwenye kuuza, usiamini namba moja kubwa. Ile tablo ya dolari ilikuwa kweli siku zote. Uongo ulikuwa mu namba iliyohesabiwa na skripti. Angalia tarehe, angalia dolari, piga hesabu mwenyewe mara moja mbele ya kutoa mukono.

Kijana alikuja nyumbani kwa Papa kuomba musamaha. Makuta haikurudi. Papa alimupatia kiti, akamusikiliza mupaka mwisho na maneno yake ya kolone na class, kisha akamwambia:

— Mwanangu, chini mu shimo, jiwe ikitaka kuanguka, siwezi kulalamika «weye wa tatu, kimbia!» Nani atakimbia? Naita mutu kwa jina yake.

Binti alikuwa anasikiliza pembeni na kaye yake. Akamuomba kijana asogeze kolone tena, mbele yake. Kijana akasogeza. Binti akapiga hesabu ku karatasi, akaangalia telefone, akapiga mara ya pili. Namba ya franga haikutikisika. Pale njo alifunga kaye.